Shangazi Wawili, Mkono Mmoja

"Shangazi yupi huyo?"

Swali hilo lilitoka mlangoni, na mliokuwa nami wiki iliyopita mnamjua aliyeliuliza. Wengine wenu mmenilaani wiki nzima kwa kuwafungia mlango puani. Haya, nimeufungua. Ingieni, ila msiguse kitu, kuna grisi kila mahali.

Aliyesimama mlangoni mwa ofisi ya gereji ni Shangazi. Shangazi wa kweli, muuguzi mstaafu, aliyemlea Kobe tangu hajui kufunga kamba za viatu. Ndiye mwenye lile gari la manjano lililolala uani na boneti imekunjamana. Mkoba ameubana kwapani, miwani ameishusha puani, na anamtazama mwanamke aliyeketi kwenye kiti cha wageni, mkono wa kulia umefungwa plasta ngumu ya mfupa.

Mwanamke huyo, kwa habari alizopewa Mkaguzi wa bima dakika chache kabla, naye ni shangazi.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, mambo ni haya. Kobe, aliyepewa jina hilo na madereva wenzake kwa jinsi anavyoendesha taratibu, hubeba abiria wa teksi ya mtandaoni kwa gari la Shangazi. Jana asubuhi, kwenye mzunguko wa barabara, pikapu iliyojaa magodoro ilimkatia mbele, ikamgonga, ikatokomea. Kobe hakuona uso wa dereva, aliona magodoro tu. Kioo cha mbele kilipasuka, simu yake iliyokuwa imebanwa kwenye dashibodi ikapotea katika vurugu ile, na abiria wake, fundi cherehani anayejulikana kwa jina la Mama Vifungo, akavunjika mkono.

Kumbe bima ya gari lile ni ya matumizi binafsi. Abiria wa kulipa haimtambui kabisa. Ndipo Fundi Spana, mwenye gereji, mtu mwenye mikono mizuri na mawazo mabaya, alipowashauri: abiria asiwe abiria, awe ndugu. Awe shangazi aliyepewa lifti.

Ushauri ulikuwa mtamu. Hakuna aliyejiuliza itakuwaje shangazi mwenyewe akitokea.

"Shikamoo, Shangazi," Kobe alisema.

"Marahaba. Nimeuliza, shangazi yupi?"

Mkaguzi aligeuka. Alikuwa kijana mrefu mwenye tai fupi, kishikwambi kimekaa mapajani. "Karibu, mama. Nilikuwa nazungumza na shangazi yake dereva."

"Shangazi yake dereva ni mimi."

Nje, chini ya lori ambako miguu ya Fundi Spana ilikuwa imechomoza, kitu cha chuma kilianguka kwa kishindo.

Wengine wangekimbia. Mama Vifungo alisimama. Alipanua mkono wake mmoja mzima, akamrukia Shangazi shingoni akilia, "Dada! Dada yangu jamani!" Kisha akamnong'oneza sikioni, "Nifuate ninavyokwenda, gari lako litalipwa."

Sasa, Shangazi aliwahi kufanya kazi wodini miaka na miaka, akiwaambia watoto kwamba sindano haiumi. Uongo mdogo haukuwa mgeni kwake. Alitazama uani, akaliona gari lake. Alimtazama Kobe, aliyekuwa anatokwa na jasho mpaka kwenye masikio.

"Mdogo wangu," alisema kwa meno yaliyobanana, "mbona hukuniambia umeumia?"

"Nilihofia presha yako, dada."

"Kumbe mko wawili," Mkaguzi alisema.

"Baba mmoja," Mama Vifungo alijibu. Kisha akaona jinsi walivyotofautiana, mmoja mrefu na mwembamba, mwingine mfupi na mnene, akaongeza upesi, "Mama mbalimbali."

Pua ya Shangazi ilitanuka. Marehemu baba yake, mtu aliyekuwa akiinamisha kichwa akipishana na mwanamke barabarani, ameozwa mke wa pili leo, tena ndani ya gereji!

"Ndiyo," alisema. "Baba alikuwa... mtu wa safari."

"Alikuwa akifanya kazi gani?" Mkaguzi aliuliza bila kuinua macho.

"Fundi saa!" alisema Shangazi.

"Mpishi!" alisema Mama Vifungo.

Walisema kwa pamoja, kwa nguvu, na kwa uhakika ule ule.

"Mpishi asubuhi," Shangazi alirekebisha.

"Jioni anatengeneza saa," Mama Vifungo alimalizia.

"Saa za jikoni," Kobe alichomekea, na kila mtu mle ndani akatamani kijana huyo angejiuma ulimi.

Chini ya lori, miguu ya Fundi Spana ilianza kutetemeka kwa kicheko.

Mkaguzi aliandika. Aliandika kwa muda mrefu, kidole kimoja, taratibu kuliko hata Kobe anavyoendesha. Hatimaye akainua uso.

"Basi," alisema. "Gari la nyumbani, limeendeshwa na mpwa wa mwenye gari, limembeba shangazi yake bure. Sioni tatizo. Gari litatengenezwa."

Jamani, furaha! Kobe aliruka akagonga kichwa kwenye rafu ya vichujio vya oili. Shangazi alikaa juu ya tairi bila kuangalia kama ni safi. Gari lile alilinunua kwa kiinua mgongo chake, akampa Kobe funguo badala ya kwenda kujipumzisha nalo mwenyewe.

"Ngoja mume wangu asikie!" alisema akijipepea kwa mkoba. "Tangu jana asubuhi simwoni. Kaniandikia ujumbe tu, 'Usiulize, utafurahi.' Sasa na mimi nina cha kumfurahisha."

"Ila kuna jambo moja dogo," Mkaguzi alisema.

Msomaji wangu, ukisikia mtu wa bima anasema jambo dogo, tafuta pa kukaa.

"Bima hii ya matumizi binafsi, sisi tunaiita ya nyumbani, hailipi majeraha ya ndugu wa mwenye gari. Ingekuwa mtu baki, angelipwa. Lakini shangazi mdogo ni damu yenu. Kwa hiyo gari tutalitengeneza. Mkono, hapana."

Kobe aliacha kujipapasa kichwa.

"Haidhuru," Mama Vifungo alisema. Alitabasamu, tena tabasamu pana. "Mkono utapona wenyewe. Mifupa si inaungana? Andika, mwanangu, tumalize."

Kobe alimtazama. Jana hospitali alikuwepo daktari aliposema. Daktari alisema mfupa umekatika karibu kabisa na kiungo, kwamba mama huyu anahitaji kufanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma, na kwamba bila hivyo vidole vitapona vikiwa vigumu, havitaweza tena kushika sindano. Alisema hivyo mbele yao wote wawili. Mama Vifungo aliitikia kwa kichwa kama aliyeelezwa habari za mvua.

Macho ya Kobe yakashuka kwenye sweta la Mama Vifungo. Sweta zuri la rangi ya zambarau, alilolifuma mwenyewe, lenye vifungo vya pembe vilivyopangwa mstari. Vyote vilikuwa wazi. Vilikuwa wazi kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa umejaribu ukashindwa, na mwenyewe akalibana sweta kifuani kwa pini ya nepi. Mwanamke anayeushonea mtaa mzima vifungo, leo kajibana kwa pini.

Aibu ilimpanda Kobe kuanzia miguuni. Aliona alichokuwa anakifanya. Alikuwa anatengeneza gari kwa mkono wa mtu.

"Si shangazi yangu," alisema.

Kiatu cha Shangazi kilitua juu ya kidole gumba cha mguu wake. Kobe aliendelea.

"Huyu mama ni abiria. Nimemfahamu jana. Babu yangu alikuwa fundi saa na alikuwa na mke mmoja, na mimi nimekudanganya. Futa hayo uliyoandika. Liache gari, ila tafuta njia alipwe mkono wake."

"Wewe mtoto!" Mama Vifungo alifoka. "Nani kakuomba?"

"Hakuna aliyeniomba."

"Gari la shangazi yako je?"

Kobe aligeuka kumtazama Shangazi, tayari kwa lolote, hata mkoba. Shangazi alikuwa ametulia juu ya tairi. Naye alikuwa anaitazama ile pini. Muuguzi ni muuguzi tu, hata akistaafu.

"Mkono unahitaji chuma?" aliuliza kwa sauti ya kazini.

"Daktari amesema hivyo," Kobe alijibu.

"Basi futa," Shangazi alimwambia Mkaguzi. "Futa na yule mpishi. Baba yangu alikuwa hajui hata kuchemsha maji."

Unafikiri Mkaguzi alishtuka? Wapi! Aliegemea kiti akacheka, cheko refu la mtu aliyelizuia tangu asubuhi.

"Nilijua tangu saa za jikoni," alisema. "Wazee wangu, kazi hii imenionyesha mengi. Nimeona wajomba wa kukodi. Nimeona mke wa kuazima. Siku moja nililetewa babu aliyekuwa mdogo kuliko mjukuu wake."

"Sasa mbona ulisema gari litatengenezwa?" Shangazi alimbana.

"Nilitaka kuona nani atapokea na nani atakataa. Na hakuna nilichoandika." Alikigeuza kishikwambi. Kioo kilikuwa kitupu, isipokuwa picha ya saa aliyoichora kwa kidole, imewekwa ndani ya sufuria.

Wote walicheka, hata miguu chini ya lori. Lakini Mkaguzi alipoacha kucheka, alikaza tai yake, na uso ukawa wa kazi.

"Ila niwe mkweli na mimi. Bima ya nyumbani hapa haitalipa kitu. Si gari, si mkono. Ukishapakia abiria wa kulipa, imelala usingizi."

"Lakini hao wa teksi ya mtandaoni si wana bima yao?" Shangazi aliuliza. "Kobe aliniambia wana bima. Aliniambia nisiwe na wasiwasi."

"Wanayo, tena wameikata kwetu, na mafaili yao yanakuja mezani kwangu. Lakini ina milango yake. Dereva akizima programu, anarudi kwenye bima ya nyumbani. Akiiwasha akawa anazunguka kutafuta abiria, hapo wengi wako uchi, bila bima yoyote, na hawajui. Safari ikishapokelewa, mpaka abiria ashuke, hapo ndipo bima ya teksi inamfunika kila mtu. Dereva, abiria, gari." Alimtazama Kobe. "Kwa hiyo swali langu ni moja. Jana mlipogongwa, safari ilikuwa inaendelea kwenye programu?"

Kobe alijiinamia.

"Dereva?"

"Nilimwambia akatishe."

"Akatishe nini?" Shangazi aliuliza.

"Safari. Ndivyo tunavyofanya wote, Shangazi. Abiria akishaingia unamwambia, 'Mama, katisha safari kwenye simu, utanilipa mkononi.' Kampuni haikati chake, abiria anapunguziwa kidogo, kila mtu anafurahi."

"Kila mtu anafurahi mpaka breki zilie," Mkaguzi alisema. "Ukikatisha safari, kwa kampuni ni kama abiria ameshuka. Amekaa nyuma, amefunga mkanda, anaongea na wewe, lakini kwa bima hayumo garini."

Shangazi alinyanyuka kutoka kwenye tairi. Alimsogelea Kobe, mwanamume mwenye ndevu na kitambulisho cha dereva, akamshika sikio.

"Nilikupa gari," alisema, "nikasahau kukupa akili! Mtu anakuamini na roho yake, wewe unamshusha garini kwa kitufe?"

"Nimekosa, Shangazi! Nimekosa! Sikio!"

"Umekosa mara ngapi? Kila siku?"

"Kila... sikio, Shangazi!"

Mama Vifungo alikohoa.

Alikohoa tena. Hakuna aliyemsikia, kwa sababu Kobe alikuwa anapiga kelele na Fundi Spana alikuwa ametoka chini ya lori kuja kutazama vizuri. Basi akapiga meza kwa kiganja cha kushoto.

"Sikukatisha!"

Sikio likaachiwa.

"Hukufanya nini?" Mkaguzi aliuliza.

Mama Vifungo alishusha macho. Kwa mara ya kwanza tangu aingie kwenye hadithi hii, mwanamke huyu aliona haya.

"Sikukatisha ile safari. Huyu kijana aliniambia nikatishe, nikamwambia tayari. Nilijifanya kugusa gusa kioo, naye hata hakutazama simu yake."

"Mama!" Kobe alishika kifua. "Ulinidanganya?"

"Kaa kimya wewe!" Shangazi alimwambia.

"Kwa nini hukukatisha?" Mkaguzi aliuliza, na alishasogeza kiti.

"Napenda kukitazama kile kigari," Mama Vifungo alisema. "Kile kidogo kinachotembea kwenye ramani. Mimi siku nzima niko kwenye cherehani, dirisha langu linatazama ukuta. Nikipanda teksi nakiangalia kinavyokata kona, roho yangu inaburudika. Nikikatisha, kinatoweka. Tena binti yangu naye hukifuata kwenye simu yake ajue nimefika wapi."

"Na tangu jana mbona hukusema?" Kobe aliuliza. Sauti yake ilikuwa imelainika.

"Ningesemaje? Uliniomba jambo nikakubali, kumbe nimekudanganya. Halafu gari likaharibika, ukaliacha pale na milango wazi, ukanibeba mgongoni mpaka hospitali. Polepole, nisikufiche. Kuna bibi mwenye fimbo alitupita. Lakini ulinifikisha. Nikasema moyoni, kijana huyu akinihitaji niwe shangazi, nitakuwa shangazi."

Kobe aligeukia rafu ya vichujio akajifanya anasoma maandishi. Macho yalikuwa yamemjaa. Mnaosema wanaume hawalii hamjawahi kumkuta mmoja mbele ya rafu ya vichujio.

"Naomba simu yako, mama," Mkaguzi alisema.

Mama Vifungo aliitoa kwenye mkoba. Kioo chake kilikuwa na ufa, lakini kiliwaka. Vichwa vyote vikagongana juu yake. Pale juu, kwa herufi nene, palikuwa pameandikwa: Safari inaendelea.

"Inaendelea?" Kobe alishangaa. "Mpaka leo?"

"Nani angeimaliza?" Mkaguzi alisema. "Mama hakukatisha, na simu yako wewe imepotea. Kwa kampuni, nyinyi wawili mngali njiani. Na maana yake ni kwamba mlipogongwa, safari ilikuwa hai. Bima ya teksi italipa mkono. Gari pia."

Sitaweza kuwaelezea kelele zilizofuata. Fundi Spana alimshika Shangazi mikono wakazunguka uani, akamwachia alama za grisi kwenye blauzi, na Shangazi hakusema neno, jambo ambalo halijapata kutokea. Kobe alipiga magoti mbele ya Mama Vifungo na kumwomba msamaha kwa ajili ya kile kitufe. Mama Vifungo alimpiga kichwani kwa plasta, kwa upendo, kisha akapiga yowe kwa maumivu, wakacheka tena.

Mkaguzi alisubiri watulie.

"Nawapa tahadhari moja tu," alisema. "Kitu kimoja kinaweza kuiua bima hii. Ajali za kupangwa. Ndugu na ndugu wanagonganisha magari yao ili walipwe, halafu wanagawana. Tukikuta aliyegonga na aliyegongwa ni ukoo mmoja, faili linasimama palepale, na hata bandeji hatulipi mpaka uchunguzi uishe. Uchunguzi wenyewe ni wa miezi. Na nyinyi, wazee wangu, leo mmeshanitengenezea ukoo mmoja wa uongo. Mabosi wangu wakisikia kuna mwingine wa kweli, hawatanisikiliza."

"Mwenye magodoro?" Shangazi alicheka. "Ukoo wetu? Mtu aliyegonga akakimbia? Huyo nikimtia mikononi nitamdunga sindano bila dawa!"

"Daktari alisema upasuaji usipite wiki hii," Kobe alikumbusha.

"Ukoo ukiwa safi, kesho asubuhi naidhinisha upasuaji," Mkaguzi alisema. "Mama, nipe tena simu nipige picha hiyo ramani."

Mama Vifungo alikuwa anaitazama simu yake. Kipaji cha uso kilikuwa kimekunjamana.

"Kobe, mwanangu," alisema polepole, "simu yako iko wapi?"

"Si nilikwambia, mama. Ilipotea kwenye ajali. Nafikiri wezi."

"Maana kile kigari kinatembea."

Waliinama tena. Ndiyo. Kwenye ramani, kigari kidogo, kile kile kinachoifuata simu ya dereva popote iendapo, kilikuwa kinakata kona.

"Haiwezekani," Kobe alisema. "Betri ingekuwa imekufa." Kisha akajipiga paji la uso. "Pawabenki! Ile betri ya akiba niliifunga nyuma ya simu kwa utepe wa gundi!"

"Basi huyo aliyenayo yuko kwenye barabara ya kituo cha mafuta," Mkaguzi alisema.

"Anapita kwa kinyozi," alisema Fundi Spana.

"Anaingia mtaa huu!" alisema Shangazi.

Fundi Spana hakungoja. Alikimbia kwenye geti akalifungua wazi kabisa, akajificha nyuma yake ili amfungie mwizi ndani. Shangazi alichukua spana kubwa kuliko zote ukutani. Kobe alisimama mbele ya Mama Vifungo kumkinga. Mkaguzi alishikilia tai yake.

Mlio wa injini ulikaribia. Ukapunguza mwendo. Pua ya gari ikajitokeza getini.

Ilikuwa pikapu. Bampa lake lilikuwa limepinda upande mmoja, la kuletwa kwa fundi anyooshe, na juu ya bampa palikuwa na mkwaruzo mrefu wa rangi ya manjano. Nyuma, yamepangwa mpaka juu na kufungwa kwa kamba, yalikuwa magodoro.

"Ndiye!" Kobe alinong'ona. "Ndiye huyo!"

Geti lilifungwa nyuma yake kwa kishindo. Mama Vifungo, kwa kidole gumba cha kushoto, alibonyeza palipoandikwa "Mpigie dereva". Kutoka katikati ya magodoro, simu ya Kobe ikaanza kulia.

"Kumbe iliruka ikaangukia humo," Mkaguzi alisema, na uso wake ukang'aa. "Wazee wangu, mna bahati ya ajabu! Simu, gari lililowagonga, na dereva wake, vyote pamoja. Faili limekamilika. Mradi tu huyu mtu asiwe ndugu yenu."

Mlango wa pikapu ulifunguliwa. Mguu ukashuka, kisha mwingine. Kofia ikaonekana, kisha masharubu meupe yaliyochanwa vizuri. Mwanamume huyo aliinua macho, akaliona gari la manjano limelala uani, na kofia ikamwanguka.

Spana ilishuka polepole mkononi mwa Shangazi.

Kobe alifungua mdomo. Shangazi alimkanyaga kidole kile kile, mara ya pili leo, na safari hii Kobe alielewa akaufunga.

Mkaguzi alimtazama yule mwanamume. Akamtazama Shangazi. Uso wake haukung'aa tena.

"Mama," aliuliza, "unamfahamu huyu?"

Shangazi aliitazama pini ya nepi kwenye sweta la zambarau. Alijua ameambiwa nini kuhusu uongo, na alijua ukweli ungechukua mkono wa nani.

"Simjui," alisema. "Sijawahi kumwona maishani mwangu."

Yule mwanamume hakusikia. Alikuwa anakuja mbio, mikono imepanuka, machozi yanamtiririka mpaka kwenye masharubu.

"Mke wangu!" alilia. "Mke wangu, nisamehe! Nilikuwa nakuletea godoro jipya!"

Mkaguzi alikifungua kishikwambi chake, akaifuta ile picha ya saa, na kuanza kuandika.